Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa za maumivu na uvimbe

Ukurasa huu unajibu maswali yanayosikika kila siku kwenye dirisha la famasi, aghalabu kutoka kwa mtu ambaye hela iko mkononi na bodaboda inamsubiri nje. Majibu ni ya watu wazima, isipokuwa pale watoto walipotajwa. Mwenye ugonjwa wa muda mrefu afuate kwanza maelekezo ya daktari anayemtibu.

Tunazungumzia dawa gani hasa?

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, naproksini, piroksikamu, meloksikamu, indomethasini, asidi ya mefenamiki, pamoja na selekoksibu na etorikoksibu. Zote hupunguza maumivu, homa na uvimbe, na madhara yake yanafanana. Voltaren ni diklofenaki. Brufen ni ibuprofeni. Kwenye boksi jina la biashara huandikwa kwa herufi kubwa za rangi, na jina la dawa yenyewe hujibanza chini yake kwa herufi ndogo. Soma hilo dogo. Ukizoea hilo tu, maswali mengi ya hapa chini utayajibu mwenyewe.

Panadol haimo. Parasetamoli hutuliza maumivu na kushusha homa, lakini uvimbe haiugusi sana, na haichubui tumbo. Tramadoli nayo haimo. Prednisoloni na deksamethasoni ni steroidi, kundi jingine kabisa, ijapokuwa watu huziita dawa za viungo na kuzimeza pamoja na diklofenaki. Huo ni mchanganyiko mbaya sana kwa tumbo.

Kwa nini dawa ya goti iniumize tumbo?

Mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Mahali palipoumia, hizo ndizo huleta uvimbe, joto na maumivu. Tumboni zina kazi nyingine: hulinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi. Kwenye figo huweka wazi mishipa midogo inayoingiza damu, hasa mtu anapopungukiwa maji mwilini. Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha kuwa aspirini hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba. Kidonge hakiwezi kwenda gotini na kuliacha tumbo. Kikizuia, kinazuia kote.

Basi nichomwe sindano, tumbo lisiguswe.

Hili huulizwa na kila wa pili, na jibu ni hapana. Dawa ya sindano huingia kwenye damu, na damu huifikisha tumboni na kwenye figo vilevile. Maumivu makali ya mawe kwenye figo au baada ya upasuaji yana sababu ya kuchomwa sindano. Kiuno cha kazi ya shamba hakina, kama unaweza kumeza. Tena sindano ya makalioni ikichomwa pasipo pake inaweza kugusa neva kubwa ya mguu, mtu akatoka akichechemea kuliko alivyoingia. Kwamba "sindano ndiyo dawa yenyewe" ni imani ya zamani, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuisahihisha kwa sababu sindano ina bei yake.

Bahasha imeandikwa 1x3. Ndiyo asubuhi, mchana na jioni?

Ndiyo, ila kwa nafasi zinazolingana. Ukimeza saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, dozi tatu umezibana ndani ya saa kumi, kisha usiku mzima huna kitu na maumivu yanakuamsha. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku ni bora, alimradi kila mara uwe umekula kidogo.

Viwango vyenyewe ni hivi. Ibuprofeni ya kujinunulia isizidi 1,200 mg kwa siku, yaani vidonge 3 vya 400 mg au 6 vya 200 mg. Diklofenaki isizidi 150 mg kwa siku, yaani vidonge 3 vya 50 mg. Ile ya 100 mg inayotoa dawa taratibu ni moja tu kwa siku, na haivunjwi wala haitafunwi. Piroksikamu ya 20 mg ni moja kwa siku, basi. Hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo anayeimeza 1x3 kwa mazoea ya diklofenaki anailundika juu kwa juu. Kwa maumivu ya ghafla, kumeza ibuprofeni ya 800 mg kwa mkupuo hakutulizi zaidi sana ya 400 mg. Kinachoongezeka zaidi ni madhara.

Na ile bahasha ndogo: ikiwa na 1x3 peke yake bila jina la dawa wala miligramu, irudishe pale pale dirishani waandike. Ni haki yako, na kuandika hakuchukui hata dakika.

Kabla ya kula au baada? Maziwa je?

Baada ya kula au katikati ya mlo, na glasi nzima ya maji, ukiwa umeketi au umesimama. Usimeze ukalala papo hapo, kwa maana kidonge kinaweza kukwama kooni kikachoma. Chakula na maziwa hupunguza kiungulia na kichefuchefu, lakini havizuii kidonda, kwa sababu kidonda huletwa na dawa iliyo kwenye damu, kama tulivyoona kwenye sindano. Kinachokinga kwa kweli ni dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, na hiyo wapewe walio kwenye hatari: waliovuka miaka 65, waliowahi kuwa na vidonda, wanaotumia aspirini ya moyo au steroidi.

Naweza kuchanganya na Panadol?

Naam, na ni mchanganyiko mzuri, kwa sababu hufanya kazi kwa njia mbili tofauti. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya 500 mg, na ipungue kwa mwenye ini bovu, mnywaji wa pombe nyingi au aliyedhoofu kwa uzito.

Usichochanganya ni dawa mbili za kundi hili hili, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Mgonjwa wa kiuno akiombwa amwage kaunta dawa alizo nazo, hutoka vitu vya namna hii: karatasi ya diklofenaki ya 50 mg iliyokatwa kwa mkasi hadi jina likapotea, vidonge vya mseto wa diklofenaki na parasetamoli, alivyopewa na shemeji, ibuprofeni aliyonunua binti kwa ajili ya tumbo la hedhi, na aspirini ndogo ya 75 mg aliyoandikiwa kliniki ya moyo. Kwake yeye hizo ni dawa nne tofauti, kila moja na rangi yake. Kwa tumbo na figo zake zote nne ni kundi moja, na ile parasetamoli ya ndani ya mseto akiongezea Panadol pembeni hata hesabu yake haijui tena.

Dawa za kichwa zinazouzwa moja moja dukani nazo zigeuzwe zisomwe nyuma. Kadhaa kati yake ni aspirini, parasetamoli na kafeini ndani ya kidonge kimoja.

Nina presha na natumia dawa kila siku. Kuna shida?

Ipo. Dawa hizi huufanya mwili ushike chumvi na maji, presha ikapanda na miguu ikavimba, na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Kuna wagonjwa wanaoongezewa dozi ya presha kliniki mwezi baada ya mwezi, kumbe kinachopandisha ni diklofenaki ya mgongo ambayo hawakuitaja, kwa kuwa kwao hiyo si "dawa" ya kutajwa kwa daktari.

Hatari kubwa zaidi ni ya utatu: dawa ya presha ya jamii ya enalapri, lisinopri au losatani, dawa ya kukojoa kama haidroklorothiazidi au furosemidi, halafu diklofenaki au ibuprofeni juu yake. Hizo mbili za kwanza huenda pamoja vizuri tu. Ya tatu ikiingia, figo hunyimwa damu kwa pande tatu kwa wakati mmoja. Ongeza siku mbili za kuharisha, au kazi ya juani bila maji, na figo zinaweza kusimama. Mwenye presha anayeumwa kiungo aanze na parasetamoli na dawa ya kupaka, kisha aulize.

Jibu ni hilo hilo kwa mwenye kisukari cha siku nyingi, aliyeambiwa kreatinini yake (kipimo cha figo kwenye damu) iko juu, na mwenye moyo uliopanuka. Mwenye selimundu naye huandikiwa ibuprofeni wakati wa maumivu makali, na ni sawa, lakini figo zake tayari ziko matatani, kwa hiyo asiifanye ya kila siku, na maji anywe kwa wingi.

Natumia ARV. Naruhusiwa?

Angalia kama dozi yako ina tenofovi. Iwapo unameza kile kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovi, lamivudini na dolutegravi, basi inayo. Tenofovi hutolewa kupitia figo na inaweza kuzidhuru. Ikikutana na diklofenaki ya dozi kubwa au ya muda mrefu, figo zinaweza kufeli ghafla. Kidonge kimoja cha jino siku moja hakitakuua. Wiki mbili za diklofenaki bila kumwambia mtu wa CTC (kliniki unakochukulia ARV), hapana. Kama kwenye famasi hutaki kutaja ARV mbele ya foleni, omba kuongea pembeni, au sema tu "nina dawa inayopita kwenye figo." Mfamasia ataelewa na atakuchagulia nyingine.

Ni kweli zinaleta shambulio la moyo?

Zinaongeza uwezekano, kwa viwango tofauti. Dunia ililijua hili vizuri kupitia rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx na kuondolewa sokoni na watengenezaji wake, Merck, mwezi Septemba 2004. Halafu ikaonekana kwamba si hiyo peke yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema diklofenaki isipewe watu wenye ugonjwa wa moyo au waliopata kiharusi, na mwaka 2015 ile ya Marekani ikaonya kuwa hatari inaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo za matumizi.

Ibuprofeni ya dozi ndogo na naproksini zina rekodi nafuu kuliko diklofenaki. Hata hivyo diklofenaki ndiyo inayotangulia kutolewa dirishani huku kwetu, kwa mazoea na kwa bei. Kijana mwenye afya anayeimeza siku tatu kwa kifundo kilichoteguka asipoteze usingizi. Mzee wa miaka 68 mwenye presha na sukari aombe kitu kingine.

Nina aspirini ya moyo. Ibuprofeni inaiharibu?

Inaweza kuizibia njia. Zote mbili hugombea sehemu ile ile kwenye chembe za damu zinazogandisha, na ibuprofeni ikiwahi, aspirini hupita bila kufanya kazi. Ukilazimika kutumia ibuprofeni mara moja moja, meza aspirini ya kawaida kwanza, subiri angalau nusu saa, ndipo ibuprofeni. Aspirini iliyopakwa ganda la kuzuia kuyeyuka tumboni haifuati hesabu hiyo, na kwa matumizi ya kila siku rudi kwa daktari. Usiache aspirini ya moyo kwa uamuzi wako.

Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiguse kundi hili kabisa bila daktari.

Nina mimba. Na ninaponyonyesha?

Kwa mjamzito parasetamoli ndiyo ya kwanza. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwezi Oktoba 2020. Karibu na wiki ya 30 na kuendelea zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa ambao moyo wa mtoto unauhitaji hadi azaliwe. Ipo moja isiyohusika na katazo hili: aspirini ya dozi ndogo ambayo kliniki huwapa baadhi ya wajawazito kuzuia kifafa cha mimba. Hiyo endelea nayo kama ulivyoelekezwa.

Anayenyonyesha anaweza kutumia ibuprofeni. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana.

Mtoto ana homa. Nimpe ya maji?

Ibuprofeni ya maji hupimwa kwa uzito, 5 hadi 10 mg kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 hadi 8. Mtoto wa kilo 10 na chupa ya 100 mg kwa ml 5 maana yake ni ml 2.5 hadi 5. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe cha chupa, si kijiko cha chai, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Asipewe aliye chini ya miezi mitatu, wala anayetapika na kuharisha, wala mwenye tetekuwanga. Aspirini hapewi mtoto yeyote chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini. Diklofenaki ya mtu mzima isikatwe vipande kumpa mtoto.

Na homa ya mtu mzima?

Pima kwanza malaria. Hilo halina mjadala, kwani dawa ikishusha homa unajiona umepona huku vimelea vinaendelea. Kisha fikiria dengue, hasa ukiwa pwani. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014 na tena 2019, na Mombasa 2013. Dengue hushusha chembe zinazogandisha damu, na aspirini, diklofenaki au ibuprofeni huzidi kuzidhoofisha, mtu akaanza kutoka damu kwenye fizi au ndani ya tumbo. Maumivu ya dengue ni makali, mifupa yote na nyuma ya macho, kwa hiyo kishawishi cha kuomba "kitu kikali" ni kikubwa. Hadi ijulikane ni homa gani, parasetamoli na maji.

Nina pumu.

Wengi wenye pumu huzivumilia, wachache hubanwa kifua vibaya ndani ya saa chache, hasa wenye vinyama puani. Kama ulishawahi kubanwa baada ya aspirini au ibuprofeni hata mara moja, usijaribu nyingine ya kundi hili. Sema neno "pumu" kila unaponunua.

Nitajuaje kama tumbo limeanza kudhurika?

Kiungulia na maumivu chini ya chembe ya moyo ni dalili, lakini kidonda kinaweza kutoka damu bila kuuma kwanza, hasa kwa wazee. Choo cheusi ti, kinachonata na kunuka vibaya, au matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa: hospitali, muda huo huo, hata kama ni usiku. Vilevile kuishiwa pumzi, kizunguzungu ukisimama na jasho baridi. Mjamzito au mwenye upungufu wa damu anayetumia vidonge vya madini ya chuma atapata choo cheusi pia, bila kunata, na hilo ni la kawaida.

Mwenye historia ya vidonda vya tumbo apime bakteria wa H. pylori na atibiwe kabla ya kuanza dawa hizi kwa muda mrefu. Vidonda vikiwa bado vibichi, aziache kabisa. Pombe na diklofenaki siku moja ni kujitafutia balaa.

Ramadhani nazipangaje?

Anayehitaji dozi mbili ameze moja baada ya futari kamili (si baada ya tende tatu na maji) na nyingine baada ya daku. Zile za mara moja kwa siku ziende na futari. Kikwazo ni maji: mchana wa joto bila kunywa, figo zinategemea zile prostaglandini kuliko siku nyingine zote. Kwa hiyo mwenye presha au figo dhaifu asizichanganye na funga bila ushauri. Gel ya kupaka ni msaada mkubwa mwezi huo, na kwa kauli ya wanazuoni wengi kupaka ngozini hakubatilishi funga.

Gel inafanya kazi kweli, au ni kujifariji?

Inafanya, kwa goti, vidole, kifundo na msuli ulioteguka. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo ukilinganisha na kidonge. Paka mara 3 au 4 kwa siku, sugua taratibu, nawa mikono, usifunge kwa nailoni wala kuweka juu ya kidonda. Kwa kiuno na nyonga haifiki ndani vya kutosha. Mimi ningependa kila mzee wa goti aanze nayo kabla ya kidonge, na kinachokwamisha ni bei.

Kuna dawa ya asili ya viungo, unaamka umepona. Ni salama?

Ikikuondolea maumivu ya miaka kwa usiku mmoja, itilie shaka. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama lishe ya mimea, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Dalili za mchanganyiko wa aina hiyo ni hamu kubwa ya kula, uso kujaa, sukari kupanda na usingizi kukata. Ukiwa umeitumia kwa wiki kadhaa usiiache ghafla. Nenda nayo hospitali ikiwa ndani ya kopo lake, kwa sababu steroidi ikikatwa kwa mpigo mwili unaweza kuporomoka.

Nitumie siku ngapi?

Homa siku 3, maumivu siku zisizozidi 10, kwa dozi ndogo inayokutosha. Maumivu ya hedhi hutulia vizuri ukianza mara yanapoanza na kuendelea siku 2 au 3 kwa saa, badala ya kungoja hadi ujikunje. Jino litatulia kwa ibuprofeni, lakini usaha hautaondoka hadi daktari wa meno aushughulikie. Mgongo wa mbeba mizigo au dereva wa bodaboda unaohitaji diklofenaki kila siku kwa mwezi wa pili unahitaji kuchunguzwa, na figo kupimwa. Ukiona mkojo umepungua, miguu imevimba au uso umejaa asubuhi, acha dawa na upime siku hiyo hiyo.

Vidonge vya zamani kabatini bado vinafaa?

Tazama tarehe. Kama karatasi imekatwa na tarehe imepotea, tupa. Aspirini ina alama yake: ikinuka siki, imeshaanza kuharibika kwa unyevu. Usihifadhi dawa bafuni wala juu ya friji, na unaponunua vidonge vichache omba ukatiwe upande wenye jina na tarehe.